Kidonge Kimoja, Vidonge Saba

Ndugu yangu! Nusura niue mtu leo. Sitanii.

Unaikumbuka ile kibodi ya duka la dawa la shangazi, iliyomwagikiwa soda, ukibonyeza M inatoka koma? Leo nimeing'oa vibonye vyote, nikavisafisha kwa spiriti, nikavirudisha. Herufi zikatii! Nikamtungia shangazi ubeti papo hapo, kifua mbele: fundi ni mimi, wengine wababaishaji.

Sasa sikia. Zile namba za pembeni nilizipanga kama za simu, moja juu, saba chini. Kumbe kwenye kibodi saba ndiyo hukaa juu!

Mteja wa kwanza, mzee fundi cherehani, vidonge vya presha. Shangazi akabonyeza 1, ikatoka 7. Akachapa lebo bila kuitazama. SABA kwa siku!

Tuligundua kwenye lebo iliyofuata, mzee keshaondoka. Nilikimbia mpaka kandambili moja ikabaki barabarani.

Namkuta kibarazani kwake, vidonge saba kiganjani, kikombe cha maji mkono wa pili. Saba, ndugu yangu! Nikakipiga kile kiganja, vikatawanyika.

"We kijana, una wazimu?"

"Mzee, ni kimoja! Kimoja!"

Akanionyesha lebo. "Hata mimi nilishangaa. Lakini imeandikwa na mashine, nani abishane nayo?"

Mashine! Mashine ni mimi!

Shangazi hajanigombeza, na hilo ndilo linaniogopesha zaidi. Anaandika lebo kwa mkono. Kaniambia tu, "Ule ubeti wako wa asubuhi, hebu usome tena."