Kindi Wekundu Wamerudi Msituni Kwetu

Northumberland, Mei

Mama yangu mpendwa,

Salamu tele kutoka nyumbani. Nyonga inaendeleaje baada ya upasuaji? Mama mdogo Agnes anakulisha vizuri, au ni supu tu asubuhi na jioni? Mimi ni mzima, ila naandika mbiombio kwa furaha, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Mama, wamerudi! Kindi wekundu! Jana nilikuwa naanika nguo, nikamwona jike juu ya ukuta wa mawe, masikio na vishungi vyake, na watoto wawili nyuma! Nilipiga kelele hadi jirani yetu Mzee Cuthbert akauruka ukuta, na umri wake ule! Akanifokea ninyamaze, nitawafukuza, kisha akaanza kulia yeye. Tangu ndui ya kindi iwamalize, nani alidhani tutawaona tena? Sasa kijiji kizima kinapita kwetu kuchungulia.

Cuthbert alipoingia kunywa chai, akamwona Barnaby, kindi wako wa kijivu, kizimbani pale jikoni. Akauliza nina mpango gani naye. Nikamwambia ulivyoniagiza: akipata nguvu, nimfungulie msituni. Lo! Chai ikampalia. Akasema sheria inakataza, ukishamshika kindi wa kijivu huruhusiwi kumwachia tena. Nikabisha kwelikweli, nikamwambia huyu amelelewa na Mama kwa chupa, ana ubaya gani? Akanijibu taratibu kwamba wa kijivu hubeba ndui bila yeye kuugua, lakini mwekundu akiipata, macho huvimba, hawezi kula, anakufa. Na hata asiyeibeba huwamalizia wekundu chakula. Kumfuga nako ni kwa kibali, na sisi hatuna. Nikawatazama wale watoto wawili kupitia dirishani, kisha nikamtazama Barnaby.

Mama, nakwambia mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Leo asubuhi nilimpeleka Barnaby kwa daktari wa mifugo. Nilimfunga ndani ya sweta lako la kijani, akasinzia. Alipochomwa sindano ya kumlaza milele nilikuwa nimemshika. Hakuteseka. Nimelia njia nzima.

Nikasirikie, una haki. Ila Cuthbert usimlaumu, uamuzi ulikuwa wangu.

Msalimie Mama mdogo, na upone upesi urudi. Kiti chako nimekisogeza dirishani. Wale watoto wako ukutani sasa hivi, wanafukuzana, na sijui kama utataka kuwatazama.

Mwanao akupendaye,
Thirza