Nimemwibia Rafiki Kisa Chake, Sasa Ananiomba Niwe Shahidi

Mama Elinuru, shikamoo. Naomba msaada wako, na kabla sijasema lolote naomba usinitaje jina, maana gazeti lenu baba yangu hulisoma dukani mpaka matangazo ya vifo, na akinitambua sijui nitalala wapi. Nina miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne, kwetu ni hapa Soni, baba ananunua mboga kwa wakulima huko milimani na kuzipeleka Dar es Salaam kwa magari yake mwenyewe, na ana duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo shida ya ada au chakula sijawahi kuijua, na hilo ndilo lililonifikisha hapa, ingawa najua utasema huyu mtoto ana wazimu.

Nina rafiki, nitamwita Salama, wa huko Mlola, mama yake analima karoti, na huyu Salama namwonea wivu mkali. Si kwa uzuri wala nguo, maana hata viatu alivyomalizia shule nilimpa mimi. Namwonea wivu kwa sababu yeye ana kisa na mimi sina.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijijini kwao wanunuzi walikuwa wanachukua karoti kwa lumbesa, yaani gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu yake linashonewa kichwa kingine kikubwa, na mkulima analipwa gunia moja. Salama akiwa kidato cha pili, wakati wa likizo, aliazima mizani ya kuning'iniza kwa mnunua vyuma chakavu, akaifunga kwenye tawi la mpea kando ya barabara, akapima gunia la mama yake mbele ya akina mama wote, wakaona kumbe wanalipwa gunia moja kwa uzito wa karibu mawili. Wakagoma. Gari lililokuja kupakia siku ile likaondoka tupu, karoti nyingine zikaoza, Salama akatukanwa na majirani, mpaka alipopatikana mnunuzi aliyekubali kilo, na mpaka leo pale wanauza kwa kilo. Mama Elinuru, lile gari lililoondoka tupu lilikuwa la baba yangu, na mimi nilikuwa nimekaa mbele pembeni ya dereva nakula hindi la kuchoma, nikamtazama yule msichana na mizani yake kupitia kioo.

Kidato cha tatu Salama akahamia shuleni kwetu, tukakaa dawati moja, tukapendana, nikamleta nyumbani. Baba aliposikia anatoka Mlola akamwangalia, akasema, "Si ndiye yule wa mizani?" Nikadhani atamfukuza, kumbe akacheka mpaka akakohoa, akamwekea nyama kwenye sahani kwa mkono wake mwenyewe, na tangu siku hiyo kila nikikosea kitu naambiwa, "Ungekuwa na nusu ya kichwa cha Salama!" Juzijuzi alisema mbele ya wateja kwamba angepata binti kama yule angemwachia magari yote. Mimi nilikuwa nimesimama palepale nahesabu misumari, mimi ambaye ndiye binti yake.

Sasa mwaka huu mwalimu wetu, mwalimu Alphonce, alitupa habari ya shule moja ya kimataifa ya bweni, iko nje ya nchi, inalipia kila kitu, na inachukua vijana wawili tu Tanzania nzima. Unatuma matokeo yako na insha ya jambo ulilolibadilisha mahali unapoishi, wakikupenda wanakufanyia usaili kwa video. Niliandika kuhusu klabu ya mazingira na miche tuliyopanda, mwalimu akasoma, akasema, "Hii hata mimi ningeiandika huku nasinzia." Ya Salama alipoisoma alivua miwani, akasema hii itavuka bahari. Nikatabasamu, nikampongeza.

Salama Kiingereza chake si kizuri sana, mimi nimesoma shule za Kiingereza tangu chekechea, akaniomba nimrekebishie. Nilianza kwa moyo mweupe, naapa, nikapanga aya, nikanyoosha sentensi, hata mwanzo wake nikautunga upya, na nilipomaliza nikaisoma nikasikia sauti ni yangu, nikajiambia kwani nusu yake si yangu hii, na gari si letu, na mimi si nilikuwepo? Basi nikaandika nyingine, karoti zikawa viazi, mpea ukawa mparachichi, Mlola nikaitoa kabisa, na msichana mwenye mizani akawa mimi. Nyumbani tuna intaneti, nikatuma jioni ileile. Salama alingoja siku ya soko ndipo ashuke Lushoto kutumia kompyuta ya steshenari, kwa hiyo ya kwake ilifika baada ya yangu.

Majibu yamekuja. Mimi nimeitwa kwenye usaili, ni Jumamosi hii. Salama ameandikiwa kwamba insha yake inafanana mno na ya mwombaji mwingine aliyemtangulia, ombi lake limesimamishwa, na kabla ya Ijumaa kwisha ajieleze, tena alete maelezo ya mtu asiye ndugu yake aliyekiona kisa hicho kwa macho, la sivyo jina lake linafutwa. Na nisikufiche, Mama Elinuru, niliposikia, kitu cha kwanza nilichohisi ni raha.

Jumapili akaja kwetu na njegere alizotumwa na mama yake. Akaketi jikoni, macho mekundu, akasema, "Kuna mtu kaniibia. Labda pale steshenari, niliacha kompyuta wazi." Nikasema labda. Akasema, "Mwalimu hakuwepo siku ile. Wale akina mama wote ni mashangazi zangu na mama zangu wadogo. Aliyeniona na si ndugu yangu, ukiacha dereva wenu aliyekwisha kuacha kazi, ni wewe. Ulikuwa ndani ya gari unakula hindi, nakukumbuka mpaka leo. Niandikie, rafiki yangu." Baba akatokea mlangoni na kikombe chake cha chai, akasema, "Mwandikie mwenzako. Hata mimi nitatia sahihi, hasara ya siku ile naikumbuka vizuri sana." Nikasema sawa, nitaandika.

Sijaandika. Nikiandika, jina litakalokaa chini ya ushahidi ndilo lililo juu ya ile insha nyingine, na wale watu si wajinga. Salama ana akili, anapendwa na kila mtu, akikosa huku atapata kwingine, lakini mimi nikikosa hii nitabaki na misumari. Je, nikimwambia naumwa malaria mpaka Ijumaa ipite, halafu nikishafika huko nimsaidie kwa njia nyingine, itakuwa vibaya sana? Nijibu haraka, sili, silali, na bado namwonea wivu, hata sasa hivi anapolia namwonea wivu.

Mwenye Donge,
Soni.

MAMA ELINURU ANAJIBU

Marahaba, Mwenye Donge. Majibu haya nimekutumia kwenye simu Jumanne, maana Ijumaa yako haingoji mitambo ya kuchapa gazeti. Gazetini yatatoka Ijumaa ikishapita. Na nikuambie jambo la kwanza: umeficha jina, halafu ukaacha gari, karoti, mpea na mizani. Mwanangu, Soni nzima itakujua kabla chai haijapoa. Nadhani sehemu yako moja imechoka na inataka kukamatwa, na hiyo sehemu naipenda.

Nianze na la huruma, kwa sababu nikianza na la ukali hutanisikia. Donge lako lina mwenyewe, na si Salama. Ni baba yako. Mzazi anayemsifia mtoto wa mwenzake mbele ya wateja, huku wa kwake amesimama pale na misumari mkononi, anaumiza, na kama unasoma hapa dukani kwako, mzee, ujue nakusema wewe. Ulitaka baba akuangalie vile anavyomwangalia yule binti. Hilo si kosa. Mtu mzima angeumia, sembuse wewe.

Basi, huruma imeishia hapo.

Unasema nusu ya insha ni yako kwa kuwa ulinyoosha Kiingereza. Hebu niambie, fundi aliyeshona gauni la bibi harusi anaruhusiwa kwenda kuketi kando ya bwana harusi? Ulimshonea mwenzako gauni, akakuamini mpaka akakuachia nyumbani kwako, ukalivaa. Na huo ujanja wa kugeuza karoti kuwa viazi! Umenichekesha, halafu nikakasirika kwa kunichekesha. Mkulima gani wa milima hii hajui kwamba viazi na karoti vinajazwa lumbesa ileile? Miaka michache nyuma gari la kwenu lilikwenda kumpunja Salama karoti, likashindwa. Wewe umerudi kumpunja kilichobaki.

Na ile ya "akikosa huku atapata kwingine" isiniingie tena masikioni. Salama hatakosa tu. Atafutwa kwa wizi wa kitu chake mwenyewe, na mwalimu Alphonce ataulizwa, na neno hilo litamfuata kila atakapoomba. Wewe ukikosa unabaki na baba, duka, na Kiingereza cha tangu chekechea. Yeye kile kisa ndicho alichokuwa nacho.

Kabla ya kuandika humu nilikuwa matroni wa bweni la wasichana, kwa hiyo nikupe na habari za huko unakotamani. Tuseme umefaulu. Utaitwa msichana wa mizani. Kila mgeni akija utaitwa mbele usimulie, kila mwalimu mpya atataka kukusikia, na wenzako watakuuliza mambo madogomadogo: mama yako alisema nini, jirani aliyekutukana alikuwa nani, uliogopa? Utakuwa unajibu kwa maisha ya mtu mwingine, kila siku, huku umelala mbali na kwenu. Nimewaona wasichana waliokuja na uongo mdogo kuliko huo. Waliniomba ruhusa ya kurudi nyumbani kabla ya likizo ya kwanza.

Tena kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba ulisema huna kisa. Huna? Katika waombaji wote wa nchi hii, ni nani mwingine aliyekuwa amekaa ndani ya lile gari? Ulimwona msichana wa rika lako analizuia gari la baba yako mwenyewe barabarani. Ulisikia nini moyoni gari lilipogeuza tupu? Ulimwonea huruma baba, au ulitamani kushuka ukasimame chini ya mpea? Hilo hakuna aliyekuuliza, na wewe mwenyewe hujajiuliza, ukaenda kuandika miche.

Sasa sikia la kufanya.

Hakuna malaria. Kesho asubuhi panda bodaboda uende Mlola, usimtumie ujumbe, usimpigie. Mtafute Salama, kaeni mahali msipokatizwa, umwambie: steshenari haina kosa, ni mimi. Maneno hayo yatoke kwanza, maelezo yafuate. Usilie kabla yake, maana utamfanya aanze kukubembeleza wewe, na yule binti kwa ninavyomsikia atakubembeleza kweli. Akikutukana, nyamaza. Akikuambia ondoka, ondoka, lakini barua utaandika tu, maana barua haitegemei kama amekusamehe.

Iandike kesho hiyohiyo, kwa kile Kiingereza chako kizuri. Sema ulikaa wapi, uliona nini, mizani ilifungwa kwenye mti gani, gari lilikuwa la nani. Halafu sema insha yenye jina lako uliichukua kutoka kwake alipokuomba umrekebishie. Usiandike kwamba kulitokea mkanganyiko. Hakukutokea mkanganyiko wowote. Mpe na mwalimu Alphonce aisome kabla hujaituma, ili Salama awe na mtu mzima wa kumtetea wakimpigia simu.

Jioni kaa na baba yako. Alisema atatia sahihi, basi asaini akijua anachosaini. Atakufokea. Akimaliza kufoka mwambie na ile ya misumari, kwa sauti ya kawaida, kwamba siku ile dukani alikuumiza. Wababa wengi hawajui mpaka waambiwe, na akitaka kuniuliza lolote, namba yangu iko chini ya ukurasa huu.

Jumamosi hutakaa mbele ya video. Shule ile hutaipata, nakuambia mapema ili usiandike ukweli huku unategemea watakuonea huruma. Na siku Salama akiondoka, kama ataondoka, wivu utakurudia mzima mzima palepale stendi. Mbebee begi hivyohivyo nao.

Ulimwona kupitia kioo, ukiwa na hindi mkononi, na yeye akakuona. Leo katika dunia nzima anatafuta mtu mmoja wa kusema kwamba yule msichana alikuwa yeye, akashuka kutoka Mlola na njegere mpaka jikoni kwenu. Hakukosea nyumba.