Ukurasa Uliofungia Dagaa

Mwakitolyo, 4 Juni 1996

Kwa wifi yangu Juliana,

Salamu zikufikie hapo Nyasubi ukiwa umekaa kwenye cherehani chako. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila vumbi la huku halina adabu. Wachimbaji wa dhahabu wanakula ugali wangu kama kawaida na kulalamika kama kawaida. Mbuke hajambo?

Dagaa ulionitumia kwa Kalisti, yule utingo wa basi, nimewapata. Asante. Lakini wifi, sina raha. Uliwafunga kwa karatasi ya daftari, na mwandiko naujua, ni wa mwanangu. Ameandika: "Mama yangu aliondoka akaniacha. Sasa nina mama mwingine. Ananipenda, ananilaza ubavuni pake. Siku mama wa kwanza akirudi, nafikiri sitamjua."

Haya, nani kamfundisha hayo? Mtoto wa miaka tisa? Najua marehemu kaka yako Maduhu alinitolea ng'ombe, na kwa desturi yetu mtoto ni wa kwenu hata baba yake akiwa kaburini. Lakini nilimleta kwako asome, sikumgawa. Kama una lako jambo, litoe.

Wifi yako Zipora, Mama Mbuke. Narudia: Mama Mbuke.

Nyasubi, Kahama, 11 Juni 1996

Wifi Zipora,

Tunamshukuru Mungu, tupo. Mgongo ndio huo huo. Mbuke hajambo, kang'oka jino akalirusha juu ya bati.

Barua yako niliisoma nikacheka, nikairudia nikakasirika. Ile ni kazi ya shule! Mama Nitin, mke wa Suresh mwenye duka ninaposhonea barazani, ana sanduku la vitabu vya hadithi walivyosoma wanawe. Mbuke akitoka shule anakaa miguuni pangu, anasoma mpaka naita mara tatu ndipo asikie. Kuna kimoja cha mwanambuzi aliyelelewa na kondoo, na wana wa kondoo wanamcheka anavyolia. Mwalimu aliwaambia wasimulie hadithi waipendayo kana kwamba ni yao. Hicho anakipenda kwa sababu na yeye alichekwa alipofika hapa na Kisukuma kitupu. Sasa ana rafiki, Bhumika, kitinda mimba wa Mama Nitin. Wanasoma pamoja, wanaigiza hadithi, wanagombana nani awe fisi.

Karatasi niliiokota tu mezani.

Wifi yako Juliana.

Mwakitolyo, 19 Juni 1996

Wifi Juliana,

Hamjambo? Mimi mwili sijambo, roho ndiyo mgonjwa.

Mwenye duka na vitu vya bure, tangu lini? Huku kwenye mashimo, kitu cha bure kina mwenyewe anayekuangalia kwa mbali. Huyo mama anatafuta mtoto wa kazi, au? Na wewe unatafuta nini? Umepanga maneno vizuri mno, wifi, mimi si mtoto. Kitabu kama kipo, kitume nikione kwa macho yangu. Kisipofika na Kalisti Jumamosi, nakuja kumchukua mwanangu, na shule basi.

Mama Mbuke.

Mwakitolyo, 2 Agosti 1996

Wifi yangu mpenzi,

Pole na kazi, na pole na mimi. Mgongo umepoa? Nilikaa kimya hivi kwa aibu.

Kitabu kilifika. Nilikifungua nikitafuta ubaya, nikamwita Eustace, mteja wangu, awe shahidi, nikaanza kusoma kwa sauti. Loo! Wachimbaji wakajaa na matope yao, chakula kikapoa. Makoye, mtu mzima mwenye ndevu, akasema atakayemcheka tena yule mwanambuzi atakiona cha moto. Sasa kila siku ni "Mama Mbuke, turudie pale kondoo anapowakemea wanawe." Nimekisoma mara nane, na mimi mwenyewe nacheka.

Lakini pale mama mbuzi anaporudi, mwanawe anamkimbilia kisha anasimama katikati, hajui aende kwa nani, pale nilishindwa. Eustace alinimalizia.

Nisamehe, nilikushuku bure. Nakuja tarehe 17. Simchukui. Nataka kumsikia akisoma.

Wifi yako Zipora.

Nyasubi, 9 Agosti 1996

Wifi Zipora,

Sisi wazima, usiwe na wasiwasi. Mbuke sijamwambia kwamba unakuja. Nimejaribu siku nne, mdomo hautaki.

Hukunishuku bure. Mama Nitin usimguse, hana kosa, ni mimi. Hadithi ya Mbuke ilikuwa na kurasa mbili. Ya kwanza nilifungia dagaa kusudi. Ya pili niliificha chini ya godoro, nakutumia leo. Utaona inavyoanza: "Lakini alipolia tu, nilimjua kwa sauti kabla sijamwona."

Mimi sikujaliwa mtoto, unajua. Mwaka mzima huyu anasoma miguuni pangu, nikaona mbona inawezekana awe wangu. Nilitaka uvunjike moyo ubaki huko huko. Nilipotuma kitabu nilikuwa naomba usikielewe. Naona haya hata kuandika.

Njoo, wifi. Usingoje tarehe 17, ukiisoma hii panda basi la kwanza. Jana aliteleza ulimi akaniita mama, na mimi nikaitika.

Shangazi yake Mbuke,
Juliana.