Nyanya Auitikia Wimbo wa Hausi

Mama mpendwa,

Shikamoo kutoka Iguhu, ambako mvua hunyesha kila alasiri na Nyanya hunipa paja la kuku kabla sijaomba.

Wimbo wa Kaka Shisia umetoka! Ni muziki wa hausi, wenye mdundo mrefu na kinanda laini, na sauti iliyomo ni yangu. Alinirekodi likizo iliyopita nikiimba, "Mko wapi, wa nyumbani?" Rafiki zake nao wameutengeneza upya, kila mmoja kwa mtindo wake. Hizo ndizo rimiksi, na zimenichanganya kabisa. Katika moja sauti yangu ni nzito kama ya Baba. Katika nyingine ninaita tu, bila kumaliza. Sijui kama bado ni mimi.

Jana Kaka alimchezea Nyanya rimiksi hiyo ya kuita kwenye spika. Unajua huku mtu akiita wimboni lazima aitikiwe. Nyanya akaweka sufuria chini, akaimba, "Tuko hapa!" Spika ikaita tena, akaitikia tena, mpaka akachoka.

"Huyu msichana hasikiangi?"

"Kukhu," nikamwambia Nyanya, "ni mimi."

Akanitazama, akaitazama spika. "Basi mwambie huyo wa ndani nimeshaitika!"

Kaka alicheka, kisha akafikiri. Sasa anataka kutengeneza wimbo mpya, mimi niite na Nyanya aitikie, kabla shule hazijafunguliwa. Nimemwambia lazima wewe ukubali kwanza. Natamani sana, Mama. Ukipata kadi hii mpigie Nyanya simu, uniite. Nitaitika mara ya kwanza.

Akupendaye,
Imali