Tangi Wanaloliita Tupu

Chumba cha juu, nyuma ya karakana
Jumatano, 11 Machi

Mjomba mpendwa,

Nakuandikia ili umkataze msimamizi wa karakana kuchomelea ufa ulio juu ya tangi la lori lako la petroli kabla tangi halijajazwa maji. Uliniambia kwenye simu kwamba maneno yangu ni marefu kuliko salio lako. Ndiyo maana dereva wako anakuletea barua hii mkononi.

Natumai goti limeacha kukusumbua na mkaza mjomba amepona kikohozi. Sisi tu wazima, na ningependa tubaki hivyo.

Msimamizi huyo, ambaye mafundi humwita Bwana Uzoefu kwa sababu hana neno jingine la kuanzia sentensi, alimwaga petroli yote, akafunga vifuniko ili vumbi lisiingie, kisha akaliacha tangi juani likauke kama shuka. Kaka ndiye atakayeuchomelea ufa, Jumamosi saa nne asubuhi.

Nilipomweleza msimamizi hatari hiyo, alicheka mpaka akashika kiuno. "Binti wa chuo, tangi ni tupu! Moto utakula nini, hewa?" Mafundi wakampigia makofi. Nikamkumbusha pipa la rangi lililorusha kifuniko chake juu ya paa. "Aa, lile lilikuwa na gesi. Hili nimelinusa mwenyewe!" Mjomba, uhai wa mtoto wa dada yako umekabidhiwa pua ya mtu anayevuta sigara tangu alfajiri.

Neno hilo "tupu" ndilo ujinga wake wote. Petroli imetoka, mvuke wake umebaki, nao umekwisha kuchanganyika na hewa. Moto wa jikoni hutafuta hewa kadiri unavyowaka. Huu wa tangini umeandaliwa kila kitu. Cheche moja huzaa tufe dogo la moto. Gesi iliyoungua hupanuka nyuma yake na kuusukuma mbele mchanganyiko ambao bado haujaungua. Unapopenya zile kuta zenye matundu zilizomo ndani ya tangi kuzuia mafuta yasisukesuke safarini, uso wa moto hukunjamana na kutanuka, hivyo hula kwa kasi zaidi. Na kwa kuwa chombo kimefungwa, shinikizo hupanda pande zote kwa pamoja hadi chuma kichanike. Mtu aliyeinama juu ya ufa hapati hata nafasi ya kushtuka.

Kaka ananielewa, lakini anasema akikataa ataitwa mwoga mbele ya wenzake. Nimemfichia kinyago chake cha kuchomelea. Bwana Uzoefu amemwahidi cha kwake, ambacho bado king'aavu kama kilivyotoka dukani.

Maji yakifika karibu na ufa, mvuke hukosa pa kukaa. Nafasi itakayosalia nitaipima kwa kipima gesi nilichoazima maabara ya chuo. Msimamizi ameniambia wazi kwamba hapokei amri ya mtoto, ila ya mwenye lori. Basi njoo umwamrishe. Elimu yangu haimtishi; sauti yako itamtosha.

Nisalimie mkaza mjomba, bibi na binamu zangu mapacha. Mungu akufikishe salama, nasi atukutanishe tukiwa kamili.

Nitakungoja kwenye lango la karakana, Jumamosi, saa mbili asubuhi, mpira wa maji ukiwa mkononi.

Mpwa wako akupendaye na kukuheshimu