Gari la Viti Saba Limekwenda

Taebaek,
14 Januari

Mpendwa Dada,

Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko Ujerumani? Na shemeji Dieter, kifua kimetulia? Mimi ni mzima, nakula na kulala. Theluji imefika madirishani.

Dada, gari langu halipo tena. Lile la dizeli, alilolichagua marehemu mke wangu ili tukienda kuzuru makaburi ya wazazi asibaki mtu nyumbani. Miaka yote nimelisugua na kulipaka rangi, lakini chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu ilikuwa inalila kutoka chini, kimyakimya.

Nililipeleka kwa fundi Bang kabla ya ukaguzi. Akalinyanyua, akagusa chesisi kwa bisbisi. Bisbisi ikazama mpaka kwenye mpini.

"Mzee, hapa hamna chuma. Ni rangi yako tu inayolishikilia."

Nikamwambia achomelee.

"Nichomelee nini kwenye nini?"

Nikampigia simu mwanangu Mi-ryeong, kule Incheon. Alifurahi waziwazi. "Afadhali, Baba! Huku magari yanayotoa moshi kama hilo hayaruhusiwi, kamera zingekunasa." Nikamuuliza atakuja lini. Akataja kazi, watoto, theluji. Sikumlaumu.

Asubuhi ya kulipeleka kwa wakata vyuma wa magari chakavu liligoma kwa baridi, likakohoa moshi mweusi, kisha likawaka. Kwenye kituo cha basi nikamkuta jirani yangu, Bi Pyo, na wenzake watatu, na vikapu vya sokoni. Ningewapitaje?

"Leo Mzee Tak kapata wake wanne kwa mpigo!" Bi Pyo alipiga kelele hata mlango hajaufunga. Wakamenya machungwa, wakabishana kabichi ya kimchi ya nani imechacha vibaya mwaka huu, wakanilisha vipande nikiwa naendesha. Tangu msiba, gari lile halikuwahi kujaa hivyo. Nikazunguka njia ndefu makusudi.

Waliposhuka wakaniuliza nitawarudisha saa ngapi. "Mkimaliza," nikajibu.

Kwa wakata vyuma waliniuliza kama nimesahau kitu ndani. Nikakagua kila kiti. Nikakuta maganda ya machungwa tu, nikayaokota, nikatia mfukoni.

Nilirudi sokoni kwa miguu. Bi Pyo akachungulia nyuma yangu.

"Gari liko wapi?"

"Limekufa."

Bi Pyo akanipa kikapu kizito kuliko vyote. "Basi shika. Dereva asiye na gari ni mchukuzi."

Tulirudi na basi. Kila mmoja akashuka kwake, nami nikaingia kwangu. Nyumba ilikuwa kimya, Dada, kimya cha kusikia birika likipoa. Hata sasa nikiamka natoka na ufagio kupangusa theluji kwenye kioo, nakuta ua mtupu.

Msalimie sana shemeji, na mwanao Hanna na wanawe. Mi-ryeong anakuamkia. Mbingu ziwalinde, na miguu yako ipate nguvu ya safari moja tu ya kuja huku. Ukifika stesheni, usitafute gari. Nitafute mimi.

Mdogo wako akupendaye daima,
Tak Jong-pil