Mizinga ya Babu Leonard

Takoma Park, Maryland
14 Oktoba 2006

Mpendwa Shangazi Benadetha,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na mvua za huko Ipole zimeanza? Sisi wazima. Mke wangu Ghati anakusalimu sana. Ile asali uliyotutumia ameimaliza yeye, sisi wengine tumelamba kijiko.

Sasa kaa vizuri, maana nina habari za baba yako.

Ulinipa nakala ya barua yake ya mwisho, ya mwaka 1943, baada ya kwenda kutafuta kazi Dar: "Tumepakia mizinga katika meli kubwa ya abiria, nami nasafiri nayo." Ukoo mzima wa warina asali tukasoma mizinga, tukaona nyuki! Watu wakamcheka Bibi kwamba mumewe kaenda kuuza asali ng'ambo na kuoa huko. Nawe umekua ukiamini kwamba alikutupa. Najua, Shangazi, hata usiposema.

Kanisani kwetu yuko Mmarekani mweusi, Akinyele, aliyejifunza Kiswahili chuoni na huongea kama kitabu cha sarufi. Nilimwonyesha barua ili acheke kidogo. Hakucheka.

"Ndugu Christopher, wakati ule kulikuwa na vita. Mizinga hii ni ya kupigania, sivyo?"

Nikamwambia ni ya nyuki. Maskini, akaniuliza nyuki na mizinga wapi na wapi! Hajawahi kusikia mzinga wa nyuki tangu azaliwe. Nilicheka hadi machozi, halafu nikaichukua barua nikaisoma upya.

Babu alitaja jina la meli kwenye barua, nayo ilikuwa ya Kimarekani, kwa hiyo Akinyele alinipeleka kwenye nyaraka za serikali, hapo College Park. Tulifukua makaratasi siku tatu. Katika orodha ya shehena hamna hata tone la asali: mizinga ya vita, masanduku ya risasi, na askari waliolala kwenye vyumba vya matajiri. Nyambizi iliipiga meli hiyo kombora, nayo meli ikazama kwa dakika ishirini. Kumbe kazi aliyoipata Dar ilikuwa ya uaskari: Babu yumo kati ya askari waliokufa. Wameandika "Leonad Kassanda", lakini ni yeye, wa Ipole, Tabora. Iliniuma, sikufichi. Ila nilirudi nyumbani naimba kwenye treni, Ghati akadhani nimepandishwa cheo.

Mwombe padri amsomee misa. Chinjeni mbuzi, na wote waliomcheka Bibi, kama bado wapo, waalikwe wakae mbele kabisa.

Nisalimie Baba Mdogo Solomon na dada Rosemary. Mungu akutunze, akuongezee miaka na akupunguzie maumivu ya magoti.

Nimekuwekea jambo moja la mwisho. Kila askari aliulizwa, akipatwa na lolote, nani aarifiwe. Wengi walitaja baba zao au machifu wao. Babu alimtaja mtu mmoja tu, wa miezi minne wakati huo: "Binti yangu, Benadetha."

Basi Shangazi, nakuarifu.

Mwanao akupendaye sana,
Christopher